Opera Tatu za Fundi Lodio

Lodio Ekeno amesikiliza hotuba nyingi kuliko mtu mwingine yeyote Isiolo, na wala hajivunii. Ni kazi yake. Yeye ndiye mwenye spika. Kukiwa na harusi, hufika kabla ya bibi harusi. Kukiwa na mazishi, hufika kabla ya jeneza. Na kukiwa na mkutano wa siasa, hufika asubuhi na mapema, akafunga spika zake nne kubwa juu ya vyuma, akasema "moja, mbili, moja, mbili" mpaka mbuzi wa jirani wakachoka kushtuka, kisha akaketi nyuma ya mitambo chini ya mwavuli mwekundu kumngojea mheshimiwa aliyeahidi kufika saa nne na ambaye, kila mtu anajua, atafika saa nane.

Katika saa hizo nne za kungoja ndimo Lodio alimoandikia opera zake.

Neno lenyewe alilipata akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Aliitwa kutengeneza redio ya kaseti ya padre mmoja mzee, Mwitaliano, na ili ajue kama redio imepona ilibidi atie kaseti. Ndani ya kaseti kulikuwa na mwanamume anayekufa. Lodio hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa kwamba mtu huyo anakufa, na kwamba hana haraka.

"Huyu ana nini, Padre?"

"Amechomwa kisu," padre alisema, macho yamemlegea kwa utamu.

"Na anaimba?"

"Dakika kumi na moja."

Mwingine angecheka. Lodio aliona ni jambo la kawaida kabisa. Kwao, Mturkana akitaka ujue kwamba dume lake la ng'ombe lina pembe nzuri, hakwambii. Anaimba, mikono yote miwili ameinua juu ikiwa ndiyo pembe zenyewe, na hashushi mikono mpaka umejua rangi ya dume, mama yake dume, na mito yote ambayo dume limewahi kuvuka. Kumbe Waitaliano nao ni watu walioelewa kwamba mambo makubwa hayasemwi hivi hivi kwa mdomo mkavu. Padre aliporudi kwao alimwachia katoni nzima ya kaseti za opera, kama alivyoiita michezo hiyo ya kuimbwa. Lodio akanunua daftari la shule la kurasa tisini na sita, akaanza kuandika nyimbo kwa herufi za do re mi kama alivyofunzwa katika kwaya ya kanisa.

Opera ya kwanza iliitwa *Posa ya Leparua*. Ilichezwa katika ukumbi wa kanisa, na ilikuwa na wajomba wanne wa msichana ambao walidai mahari kwa sauti nne. Mambo yalikwenda vizuri hadi Esekon, mwimbaji wa sauti nzito, alipoimba kwamba anakubali ng'ombe thelathini na watano. Mzee mmoja aliyeketi mstari wa pili akasimama na fimbo yake.

"Wewe Esekon! Unamtoa mtoto wa watu hivyo hivyo, kama mtu hana ukoo?"

Esekon alijaribu kuendelea kuimba. Upande wa pili wa ukumbi mzee mwingine naye akasimama, akasema kijana yule anaonekana mwema, wasimkamue. Wazee wengine wakasogeza viti. Kufikia saa kumi na mbili jioni walikuwa wamefika ng'ombe hamsini na wawili na ngamia wawili, ndipo mlinzi wa ukumbi akaja na funguo kuwafukuza. Wazee walitoka wameridhika sana. Walimpa Lodio mkono, wakamwambia mchezo wake ni mzuri, ila apunguze tabia ya kuruhusu watu waimbe katikati ya mazungumzo.

Opera ya pili, *Chifu na Kipaza Sauti*, ilimhusu chifu anayeshika kipaza sauti siku ya kwanza ya kazi na asiweze tena kukiachilia. Ilichezwa siku ya zawadi katika shule moja ambako chifu wa kweli alikuwa amealikwa. Chifu alicheka sehemu yote ya kwanza mpaka kofia ikamwanguka. Wakati wa mapumziko aliomba kipaza sauti aseme machache. Machache hayo yalikwisha wazazi wakiwa wanatafuta watoto wao gizani. Wapo watu Isiolo ambao mpaka leo wanaamini ile ndiyo ilikuwa sehemu ya pili, na kwamba yule mwigizaji wa mwisho ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote.

Kwa hiyo Lodio, akiwa na miaka hamsini na minne, alikuwa mtunzi wa opera ambaye hajawahi kusikia mwisho wa opera yake hata moja. Jambo hili lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki. Mke wake, Akuam, ambaye huuza chai na mandazi karibu na soko la mifugo, alikuwa na maoni yake.

"Baba Nakolong, wewe andika mwisho tu. Anzia hapo. Watu wakikatiza, watakuwa wamekatiza mwanzo."

"Huwezi kuanza na mwisho, mama. Mwisho lazima uufikie kwa miguu."

"Basi miguu yako ni mifupi," Akuam alisema, akageuza mandazi.

Opera ya tatu ilianza kwa maziwa. Mumina huuza maziwa ya ngamia mjini, na Lodio ni mteja wake wa siku nyingi. Asubuhi moja, akimpimia, Mumina alimweleza habari za shangazi yake wa Sericho. Ukame ulimmalizia shangazi ngamia wote, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Siku ya pili baada ya huyo wa mwisho kufa, shangazi aliamka, akaenda kisimani, akaimba wimbo wa kunywesha.

"Aliimba nini, na wanyama hawapo?"

"Aliimba kuwaita."

"Halafu?"

"Halafu hawakuja. Fundi, unauliza maswali kama karani." Mumina alifunga kifuniko cha mtungi. "Alienda hivyo siku saba. Kisha akanyamaza."

Siku hiyo chai ilimpoa Lodio mkononi. Aliandika *Maji ya Sericho* kwa miezi mitano, nyuma ya harambee tisa, mazishi sita na uzinduzi wa choo. Ilikuwa na sehemu tatu, kila moja na daftari lake. Katika ya tatu mwanamke amesimama peke yake kando ya kisima na kuwaita ngamia waliokufa, jina kwa jina. Maji yapo, kwa maana mvua imekuja ikiwa imechelewa, ila hakuna wa kuyanywa. Na baada ya jina la mwisho, Lodio hakuandika noti yoyote. Aliandika: *Kimya. Pumzi nne.*

Huo ndio ulikuwa mwisho alioutaka. Wengine huota ploti, wengine huota pikipiki mpya. Yeye alitaka, kabla hajafa, kusikia pumzi nne za kimya katika uwanja wa Isiolo uliojaa watu. Alikuwa fundi wa sauti kwa miaka thelathini na hajawahi kusikia hata moja.

Nafasi ilikuja kwa sura ya kijana aitwaye Marete, katibu wa Kamati ya Tamasha la Maji na Amani. Marete alivaa suti ya bluu na viatu vilivyochongoka mbele, na hakuwahi kusema jambo lolote kwa niaba ya nafsi yake.

"Mzee Lodio, opera yako tumeisoma kama kamati, na kama kamati tumeipenda. Inachukua muda gani?"

"Saa moja na dakika arobaini."

"Safi sana. Tumekupa dakika kumi na mbili."

Lodio hakushtuka. Katika kazi yake amewahi kuona maombi ya kufungua mkutano yakipewa nusu dakika na salamu za viongozi zikipewa saa tatu. "Basi nitaleta sehemu ya tatu peke yake," alisema. Hakusema kwamba sehemu ya tatu ni dakika ishirini na saba. Mwenye mitambo ndiye mwenye saa.

"Hiyo sehemu ya tatu ndiyo ina tatizo dogo," Marete alisema, akafungua faili. "Huyu mama anaimba, anaimba, na wanyama hawaji."

"Wamekufa."

"Ndiyo, tumeona. Lakini siku hiyo mgeni rasmi anazindua lori la maji. Hatuwezi kuwa na mama ambaye hanufaiki. Wanyama waje."

"Bwana Marete, wamekufa. Ndiyo opera yenyewe."

"Kama kamati," Marete alisema kwa upole wa daktari, "tunapendekeza wapone."

Walikubaliana kwa namna ambayo watu wa Isiolo hukubaliana na kamati: Lodio alitikisa kichwa, Marete akaandika kwamba mtunzi amekubali, na kila mmoja akaenda zake akijua atakachofanya.

Mazoezi yalifanyika katika ukumbi wa kanisa, madirisha yamefungwa ili jirani wasilalamike. Nusu ya waimbaji walitoka kwaya ya kanisa, Esekon akiwa kiongozi wa sauti nzito, na nusu walikuwa wanawake wa maziwa walioletwa na Mumina. Mumina mwenyewe ndiye aliyekuwa mwanamke wa kisimani. Sehemu kubwa ya opera ilikuwa sauti za Lodio mwenyewe, lakini ule wito wa ngamia alikuwa ameuchukua kama ulivyo, wimbo wa kunywesha wa kweli, kama shangazi alivyouimba. Hapo ndipo Mumina aliposita.

"Fundi, huu wimbo si wa tamasha. Huu ni wa kisima. Ukiuimba umeahidi maji. Na ukiuanza hauachwi, mpaka wa mwisho ainue kichwa."

"Mama Zeinab, ni mchezo tu."

"Ngamia anajua mchezo?"

"Kwani hapa mjini kuna ngamia gani wa kusikia?"

Mumina alimtazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyotiwa maji. "Haya," alisema. "Nitauimba kwa sababu ya shangazi. Lakini nilikwambia, na hawa wote wamesikia."

Wanawake wa maziwa wakasema wamesikia. Esekon naye akasema amesikia, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Siku ya tamasha ilikuwa siku ya soko. Uwanja uko nyuma tu ya soko la mifugo, na Lodio alifunga mitambo yake jinsi alivyofunga siku zote: spika mbili zielekee mahema, mbili zielekee sokoni ili watu wasikie waje. Mikono yake ilifanya kazi hiyo yenyewe, kama mikono ya mtu anayefunga kamba za viatu. Hakufikiria hata kidogo kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiita watu, na leo hakuwa ameandika wimbo wa kuita watu.

Kulikuwa na hema jeupe la wageni, lenye viti vya kitambaa, na hema la bluu la wananchi, lenye matundu. Mbele ya hema jeupe lilisimama lori la maji, limeoshwa likang'aa, limefungwa utepe mwekundu kutoka kioo hadi kioo. Wananchi waliokuja na mitungi mitupu waliambiwa wasubiri, maji hayo bado hayajazinduliwa.

Mgeni rasmi, ambaye watu wote walimwita Mheshimiwa na hakuna aliyehitaji jina lake, alikuwa afike saa nne. Saa tano wanafunzi walighani shairi. Saa sita waliombwa walighani tena. Saa saba kasoro Marete alikuja mbio kwenye mwavuli mwekundu, jasho limechora ramani kwenye suti.

"Mzee, jaza muda. Weka hiyo opera yako. Akifika nitakupungia mkono, unazima hapo hapo. Sawa?"

"Hata kama wako katikati?"

"Hasa kama wako katikati."

Lodio alifungua daftari lake la tatu. Alijua anapewa ngapi: pengine dakika kumi, pengine ishirini Mungu akiweka tope njiani. Aliwapa waimbaji ishara, akapandisha sauti.

Mumina alisimama peke yake, shungi lake jekundu limepigwa na upepo, akaanza. Hakuimba kama watu wa kaseti. Aliimba kama mtu anayeongea na aliye mbali kidogo, jina kwa jina, na baada ya kila jina kwaya ilijibu kwa sauti fupi nzito, ile ya ndoo ikipokelewa mkono kwa mkono kutoka chini ya kisima. Hema la bluu lilitulia. Hata mwanamke aliyekuwa akigombana na askari wa lango kuhusu mtungi wake aliugeuza akaukalia.

Sokoni, nyuma ya ukuta wa mabati, walikuwa wamelala ngamia arobaini na watatu wa mzee Waqo. Walikuwa wametembea siku nane kutoka pande za Sericho, na maji ya mwisho waliyaonja siku ya tano. Jike mmoja mweupe mzee aliinua shingo. Akasikiliza. Akapiga goti moja, akasimama.

Watu wa barabarani ndio walioona kwanza. Bodaboda zilisimama. Muuza magodoro aliingiza magodoro ndani, akayatoa, akayaingiza tena. Ngamia walivuka lami wakiwa wamefuatana, bila haraka na bila mchungaji, nyuso zao zikiwa na ule utulivu wa wageni walioalikwa kwa kadi. Waliingia uwanjani kupitia lango la wageni mashuhuri, kwa kuwa ndilo lililokuwa pana, na kutoka barabarani, nyuma yao kabisa, ukiwa umekwama kati ya mikia, ulikuja msafara wa magari ya Mheshimiwa ukipiga honi.

Mumina aliwaona. Hakuacha kuimba. Alimtazama Lodio tu, na Lodio alielewa macho hayo yote: nilikwambia, na hawa wote walisikia.

"Zima!" Marete alikuwa anapunga mikono yote miwili. "Mzee, zima! Mheshimiwa amefika! Na hawa ngamia ni wa nani? Kama kamati hatujaidhinisha ngamia!"

"Ulisema wanyama waje," Lodio alisema, kwa sababu hakuwa na jambo lingine kichwani.

Hapo Waqo mwenyewe akatokea, mzee mwembamba mwenye fimbo ndefu, anahema. "Nani ameita ngamia yangu?"

Watu mia nne wakanyoosha kidole kwa Mumina. Mumina, akiimba, akanyoosha kidole kwa Lodio.

"Salaam aleikum," Waqo alisema, kwa kuwa adabu ni adabu.

"Habari, mzee," Lodio alisema.

"Habari ni wewe utanipa. Ngamia imeitwa na wimbo ya kisima. Maji iko wapi?"

"Mzee wangu, ilikuwa ni mchezo."

Alipoyasema aliyasikia maneno yake mwenyewe, tena bila spika.

"Mchezo," Waqo alisema. Alitazama spika nne juu ya vyuma. "Sawa. Kesho kutwa niko kisimani naita hawa. Watasema, huyu naye anacheza, watakaa mbali. Ngamia ukimdanganya mara moja amemaliza na wewe. Utakuja Sericho kuwaita wewe? Na hiyo mabati yako?"

Ngamia walikuwa wamesimama mbele ya kwaya, shingo mbele, wanangoja. Mheshimiwa alikuwa ameshuka garini, anapunga mkono, akidhani ndiyo mapokezi. Marete alikuwa ameinama juu ya mitambo, kidole kinatafuta swichi katika swichi thelathini na mbili asizozijua hata moja.

Lodio aliweka kiganja juu ya mitambo. Mwaka ujao kungekuwa na mikutano ya kampeni kila wiki, na wote wenye mikutano walikuwa wanashuka katika yale magari. Kumzimia Mheshimiwa wimbo ni dakika moja. Amefanya hivyo mara ngapi, kwa kwaya ngapi, bila kuwatazama usoni?

"Siwezi kuzima," alisema.

"Kwa nini?"

"Hawajanywa."

"Lori halijazinduliwa! Utepe haujakatwa!"

Jike mweupe mzee, ambaye alikuwa amenusa lori kwa muda, alichoka kusikiliza. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye bomba la maji, na utepe mwekundu ukakatika kifuani mwake. Watu wa hema la bluu wakapiga makofi. Wengi waliona ni uzinduzi mzuri kuliko ule wa mwaka jana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kwa sababu waliokuwepo walikuwa watu wanaojua kunywesha. Wanaume walifungua turubai la ukuta wa hema jeupe wakalitandaza juu ya shimo lililochimbwa kwa ajili ya kupanda mti wa kumbukumbu. Akuam alileta sufuria zake za chai na beseni la unga. Wenye mitungi walileta mitungi. Mstari ulipangwa kutoka bombani hadi turubaini, ndoo ikapita mkono kwa mkono, na Esekon, bila kuacha kuimba sauti nzito, akaingia kwenye mstari kana kwamba Lodio aliandika hivyo daftarini.

Mheshimiwa ni mtu wa akili. Alipoona wapiga picha wanaukimbilia mstari, alivua koti, akakunja mikono ya shati, akajipenyeza kati ya Esekon na Waqo. Alipokea ndoo ya kwanza akitabasamu upande wa kamera. Ya pili akatabasamu upande mwingine. Kwenye ya tatu alitaka kutoka.

"Wapi?" Waqo alimwuliza.

"Nina hotuba, mzee."

"Ukitoka hapa ndoo itaanguka. Mstari ya maji haiachwi." Akamwekea ndoo ya nne kifuani.

Wapiga picha waliondoka, maana walikuwa na picha. Mheshimiwa alibaki. Ngamia mmoja aliye na kiu ya siku tatu hanywi, anahamisha ziwa. Na walikuwa arobaini na watatu.

Tatizo likawa moja. Sehemu ya tatu ilikuwa inakaribia mwisho, na ngamia waliokwisha kunywa hawakuwa hata kumi. Mumina alimtazama Lodio akiwa amebakiza majina mawili. Wimbo hauachwi. Lodio aliinua juu daftari la kwanza, akalifungua ukurasa wa kwanza, akalitikisa kama mtu anayesimamisha gari. Kwaya ikaelewa. Mumina akavuta pumzi akaruka kutoka kisimani hadi mwanzo wa yote, kule ambako mwanamke ni msichana na ngamia ni wengi.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba *Maji ya Sericho* iliimbwa nzima, sehemu ya kwanza na ya pili, saa saba na nusu mchana, juani. Hakuna mzee aliyesimama kubishana kuhusu mahari, maana wazee walikuwa na ndoo mikononi. Hakuna chifu aliyeomba kusema machache. Marete aliketi kwenye kiti cha kitambaa, ratiba magotini, akikata kipengele kimoja baada ya kingine kwa kalamu. Na ngamia, Lodio aligundua, ni wasikilizaji wa hali ya juu. Hawakohoi, hawapigi makofi mahali pasipofaa, na wakishiba hawaondoki kabla ya wenzao.

Walipofika tena sehemu ya tatu, alikuwa amebaki mmoja, dume kilema aliyechelewa kuvuka barabara. Alikunywa polepole. Mumina alimwimbia yeye peke yake majina ya wale waliokufa Sericho, jina kwa jina, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa saa mbili za kazi, nzuri kuliko ilivyowahi kuwa katika ukumbi wa kanisa. Lodio alitaka wanawake wa maziwa walie kwenye zoezi na hawakulia. Sasa wawili walikuwa wanajifuta kwa ncha za shungi, wakipitisha ndoo tupu.

Jina la mwisho. Kwaya ikajibu, ndoo ya mwisho ikafika. Dume kilema akainua kichwa, maji yanamtiririka mdomoni.

Mumina akanyamaza.

Lodio hakugusa kitu. Pumzi ya kwanza: spika zilinguruma kidogo, zile mbili za upande wa soko, alijua waya gani. Ya pili: upepo kwenye turubai. Ya tatu: yule dume kilema alicheua, sauti ndefu ya ndani kabisa, ikachukuliwa na kipaza sauti cha Mumina ikasikika hadi barabara kuu, na hakuna mtu hata mmoja aliyecheka. Ya nne ilipita kama ilivyoandikwa. Ya tano nayo. Watu mia nne walisimama wakitazama kisima ambacho kilikuwa shimo la mti.

Kisha Marete akashika kipaza sauti, akagonga mara mbili. "Kama kamati—"

Mheshimiwa alimnyang'anya. Tope lilikuwa limemfika vifundoni, na ilimbidi atumie mikono yote miwili kukileta kipaza sauti mdomoni. Aliwatazama watu, akatazama karatasi za hotuba mfukoni zilizolowa zikawa uji.

"Nimechoka," alisema. "Asanteni."

Ilikuwa hotuba iliyopigiwa makofi kuliko zote alizowahi kutoa.

Taarifa ya kamati ilisema kwamba mifugo arobaini na mitatu ilinufaika, na kwamba mwakani shughuli ya kunywesha irudiwe, ila muziki uwe dakika sita. Kwa miezi miwili hakuna mwanasiasa aliyemwita Lodio. Mwezi wa tatu waliita, kwa sababu spika nyingine nne zenye nguvu kama zile ziko Meru.

Waqo, siku ile kabla ya kuwarudisha ngamia sokoni, alipitia mwavulini. "Wimbo yako ya katikati iko refu," alisema. "Lakini maji ilikuwa sawa." Akamsalimia Mumina kwa Kiborana, maneno mengi, na Mumina hakumtafsiria Lodio hata moja.

Akuam alikuja mwisho, amebeba sufuria zake, moja imebonyezwa na kwato.

"Baba Nakolong, imeisha leo?"

"Imeisha."

"Mpaka mwisho kabisa?"

Lodio alikuwa na daftari la tatu magotini na penseli mkononi. Alikata *Pumzi nne*, akaandika *tano*. Akafikiri kidogo, akaongeza chini yake, kwa mwandiko mdogo wa mtu asiyetaka kusahau: *Kwenye ya tatu, ngamia acheue.*